Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mtu Mzima, Ugonjwa wa Akili, Nyumba Moja

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wazazi na ndugu wanaoishi na kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima, lakini ugonjwa wa akili umemrudisha nyumbani au haukumruhusu kuondoka. Tumezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa. Dawa tunazozitaja ni zile zinazotolewa sana katika kliniki za afya ya akili za hospitali za wilaya na mikoa. Kiasi cha kumeza hupangwa na kliniki inayomwona mgonjwa, kwa hiyo humu hatumpangii mtu dozi.

Namtilia dawa kwenye uji

*Mwanangu ana miaka 27. Mwaka jana alilazwa akisikia sauti, akapewa vidonge vya haloperidoli, akatulia kabisa. Baada ya miezi minne akasema amepona, hamezi tena. Kwa wiki sita sasa navisaga na kumtilia kwenye uji wa asubuhi. Baba yake anasema nafanya vizuri. Mimi moyo hautulii. Mama, Muheza.*

Mama, moyo wako uko sahihi. Tunajua umefanya hivyo kwa kuhofia yale ya mwaka jana yasirudi, lakini njia hii haifiki mbali.

Fikiria siku atakapokuta ungaunga chini ya kikombe. Mtu ambaye sauti zilikuwa zikimwambia kuna watu wanataka kumdhuru atakuwa amepata ushahidi, tena kutoka mkononi mwa mama yake. Wengi wakishagundua hukataa chakula cha nyumbani kabisa, hununua mkate dukani na kula peke yao, na kumrudisha kwenye dawa huwa kazi mara mbili. Halafu kuna dozi yenyewe. Akibakiza nusu ya uji, hujui amemeza kiasi gani. Na akienda kliniki atasema kweli yake, kwamba hatumii kitu, naye daktari atamwona ametulia na kuandika kwamba yuko vizuri bila dawa. Siku akichafuka, daktari huyohuyo ataanza na dozi ambayo hajui inapanda juu ya nyingine.

Usikate ghafla usiku wa leo. Nenda kliniki ndani ya siku mbili tatu, hata peke yako kama yeye hataki, umweleze muuguzi au daktari kila kitu, pamoja na uji. Hawatakugombeza; wanaisikia habari hii mara nyingi. Kisha mpange jinsi ya kumweleza kijana mwenyewe, wakati ametulia, bila mashahidi wengi. Atakasirika. Hasira ya siku chache ni nafuu kuliko kugundua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sababu ya kuacha, maana hapo ndipo kazi ilipo. Wagonjwa wengi wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta sauti na mashaka) hawaoni kwamba wanaumwa. Huo si ukaidi. Ugonjwa wenyewe unagusa uwezo wa mtu kujiona. Ukibishana naye kuanzia asubuhi hadi jioni kwamba "wewe ni mgonjwa" hutashinda. Zungumza naye juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe analitaka: kulala usiku mzima, kurudi kwenye kazi ya kuchomelea vyuma, kutolazwa tena. "Ulipokuwa unameza ulikuwa unalala. Sasa hulali. Unaonaje tujaribu tena mwezi mmoja halafu wewe mwenyewe useme?" Maneno kama haya yana mlango wa kuingilia.

Upande mwingine ni madhara ya dawa, na hapa vijana huficha. Haloperidoli inaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia: anakaa, anainuka, anazunguka uani, anakaa tena, miguu haikai chini. Familia huona ni ugonjwa unapanda na kuomba dozi iongezwe, jambo linalomzidishia. Inaweza pia kupunguza nguvu za kiume, na kijana wa miaka 27 hatamwambia mama yake hilo. Atamwambia mjomba, au muuguzi wa kiume akiulizwa faraghani. Omba aulizwe. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na mara nyingi ukaidi wote huishia hapo.

Kuna jambo moja linalowadanganya watu kila mwaka. Mtu anaacha dawa, wiki ya kwanza yuko salama, mwezi wa pili yuko salama, majirani wanasema aliponywa na maombi au na mganga. Kisha mwezi wa tatu au wa tano analipuka. Ubongo hauchafuki siku dawa inapokatwa. Unachukua muda wake, na muda huo ndio unaozaa imani kwamba dawa haikuhitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu aliyeugua mara ya kwanza aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Mwanao aliacha baada ya miezi minne.

Kama vidonge vya kila siku ndivyo vinavyoleta vita, uliza juu ya sindano ya mwezi. Iliyozoeleka ni flufenazini, wengi wanaiita Modecate. Imetengenezwa ndani ya mafuta ya ufuta, inachomwa ndani kabisa ya msuli wa tako, na mafuta yale huiachia dawa kidogokidogo kwa wiki mbili hadi nne. Pale panapochomwa pasikandwe. Kwa kawaida huanza na dozi ndogo ya kujaribia kuona kama mwili unaipokea. Faida yake kubwa kwa nyumba kama yako ni kwamba swali la "umemeza?" linatoka midomoni mwenu kwa mwezi mzima.

Je, huu ni uvivu?

*Mwanangu wa miaka 31 hasikii sauti tena. Lakini analala mpaka saa sita mchana, haogi mpaka asukumwe, hana rafiki, anakaa tu. Mimi nimelima tangu nina miaka kumi. Nikimwambia ainuke, ananitazama tu. Kila siku tunagombana. Baba, Mbozi.*

Baba, kuna dalili za skizofrenia zinazoongeza kitu, kama sauti na mashaka, na kuna zinazopunguza: hamu, nguvu ya kuanza jambo, maneno, furaha, hata uso kuonyesha hisia. Dawa huzishika vizuri zile za kwanza. Hizi za pili huzigusa kidogo sana. Kwa hiyo unachokiona ni nusu ya ugonjwa iliyobaki baada ya nusu yenye kelele kuondoka. Mvivu anaikwepa kazi na kwenda kwenye starehe. Mwanao hana hata starehe.

Kabla ya yote, angalia saa anayomeza dawa. Klopromazini na olanzapini zinaleta usingizi mzito. Akimeza saa nne usiku atalala hadi mchana. Uliza kliniki kama dozi yote inaweza kumezwa saa moja au saa mbili usiku. Hilo peke yake linaweza kumpatia saa tatu za asubuhi.

Kisha mpe kazi moja. Tunasema moja kwa makusudi. Isiwe "saidia shambani", kwa maana hiyo ni kazi ishirini ndani ya neno moja na yeye hawezi kujua aanzie wapi. Iwe kufungulia kuku na kuwawekea maji, kila siku saa mbili na nusu asubuhi. Wiki ya kwanza simama naye, mfanye pamoja. Wiki ya pili mwite tu. Wiki ya tatu acha, uone. Akisahau, fanya wewe bila kutoa hotuba, na kesho yake mwite tena. Akifanya, mwambie kile alichokifanya: "Asante, kuku wamekunywa." Ongeza kazi ya pili ile ya kwanza ikishakaa mwezi mzima. Kuoga nako vivyo hivyo: maji yawekwe bafuni, taulo na nguo safi ziwe zimetundikwa, halafu sentensi moja, "Maji tayari." Mtu wa namna hii hukwama kwenye mnyororo wa hatua ndogo ndogo (kuteka, kupasha, kutafuta sabuni, kutafuta nguo) kuliko kwenye kuoga kwenyewe. Na kama anameza klopromazini, shambani avae kofia pana na mikono mirefu, kwa kuwa dawa hiyo inaifanya ngozi iungue na jua upesi, na inaweza kumletea kizunguzungu akiinuka ghafla.

Sasa ugomvi, baba. Hili tunakuomba ulisome mara mbili. Katika miaka ya 1950 mjini London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili. Walitarajia kwamba wanaorudi kwa wazazi au wake zao watakuwa salama zaidi. Wakakuta hao ndio waliokuwa wakirudi wodini zaidi kuliko waliokwenda kukaa kwa kaka au dada, au kwenye chumba cha kupanga. Utafiti uliofuata ulionyesha kilichoumiza: kulaumiwa mara kwa mara, uhasama, na pia upande wa pili wake, yaani kumwelemea mtu mzima kama mtoto mchanga, kumlisha, kumsemea, kumlilia. Nyumba za namna hiyo zilirudisha watu hospitali zaidi, hasa pale ambapo mgonjwa na mlaumu walikaa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki. Haina maana kwamba mzazi ndiye aliyeuleta ugonjwa. Hakuuleta. Lakini joto la nyumba linaweza kuupandisha, kama chumvi inavyompandisha presha mtu aliyekwisha kuwa nayo.

Na tuna mfano wa karibu kuliko London. Mtafiti Mmarekani Juli McGruder alikaa Zanzibar na familia za wagonjwa wa skizofrenia. Alikuta nyumba ambamo mgonjwa husomewa dua na kunyweshwa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani), na siku anapotulia anarudi kwenye nafasi yake bila kuhojiwa, bila kusukumwa aonyeshe kwamba amepona. Siku mbaya haikugeuzwa kuwa kosa lake. Hatusemi kombe litashika nafasi ya dawa. Tunasema utulivu ule nao ni tiba, tena ni tiba isiyouzwa.

Kwa nyumba yako, anza na mambo mawili. Punguza saa za kukaa pamoja bila shughuli. Hata nusu siku kwenye duka la ndugu au kwa shangazi inawapumzisha wote wawili. Na badilisha sentensi: badala ya "Wewe umezoea kulala tu," sema "Naudhika ninapofungulia kuku peke yangu. Kesho naomba unisaidie." Inataja kitu kimoja, haimtaji yeye mzima.

Jambo la mwisho kwako. Kijana anayekaa kimya baada ya sauti kuisha anaweza pia kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa sababu sasa anaona alichopoteza. Dalili za kukutia hofu: anasema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake, analia, hataki kula. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo ambalo hana, kunampa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa mimea, dawa ya panya na akiba ya vidonge, hasa amitriptilini, ambayo ikimezwa nyingi huua kwa kuushambulia moyo.

Shingo imepinda

*Siku mbili baada ya mdogo wangu wa miaka 22 kuanzishiwa dawa, shingo ilipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka. Majirani wakasema ni jini. Tulimpeleka kwa mganga, ikaisha kesho yake. Turudie dawa? Dada, Mwanza.*

Dada, hilo linatokana na dawa, na linajulikana vizuri. Haloperidoli na jamaa zake zinaweza kukaza misuli ya shingo, taya, ulimi na macho, kwa kawaida ndani ya siku chache za mwanzo, na vijana wa kiume ndio wanaopata zaidi. Inatisha sana kuitazama. Hospitali humchoma sindano inayolegeza, na kwa kawaida shingo hunyooka ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Isipotibiwa inaweza kujiachia yenyewe dawa inapopungua mwilini, ndiyo maana mganga aliibuka na sifa.

Rudini kliniki, mseme neno kwa neno mlichokiona. Wanaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza kidonge cha benzheksoli, yaani Artane. Kidonge hiki kimezwe asubuhi, kwa kuwa usiku hufukuza usingizi. Kinakausha mdomo na kufunga choo, kwa hiyo maji na matunda. Tena kitunze wewe. Vijana mitaani wanakitafuta kwa ajili ya ulevi, na ukiona vinaisha kabla ya tarehe, vihesabu.

Tofautisha na hali hii nyingine: homa kali, mwili mzima umekaza kama mbao, jasho, anachanganyikiwa. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria na mtu hupewa dawa ya malaria huku akiendelea kumeza haloperidoli. Usimpe dozi inayofuata. Mkimbize hospitali, na sentensi yenu ya kwanza mlangoni iwe: "Anatumia dawa za akili, ni hizi hapa." Inaweza kuua.

Ramadhani

*Kijana wetu ana baipola, anataka kufunga. Tumruhusu? Familia, Unguja.*

Dini imemruhusu mgonjwa asifunge, naye asione haya kuitumia ruhusa hiyo. Kama daktari ameridhika na hali yake, dawa nyingi zinaweza kuhamishiwa baada ya futari au kugawanywa kati ya futari na daku. Anayetumia lithiamu asijaribu bila daktari, kwa sababu mwili ukikauka lithiamu hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Kwa baipola, ugonjwa unaomrusha mtu juu kwa msisimko na kumshusha kwa huzuni, hatari kubwa kuliko njaa ni kukosa usingizi: baraza hadi saa nane usiku, daku, alfajiri. Kukosa usingizi kunaweza kumrusha juu. Alale mapema baada ya tarawehe, aamke daku, alale tena. Akilala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, funga ikome na aende kliniki.

Usiku anapochafuka

*Mwanangu akichafuka anapiga kelele, anavunja vitu, mara moja alishika panga. Majirani huja wengi, humfunga kamba na kumpiga. Nifanye nini? Mama, Morogoro.*

Kazi kubwa ni ya wiki moja kabla. Karibu kila mgonjwa ana dalili zake za kutangulia, na kwa kawaida hurudi zilezile. Kaa na ndugu zake, mkumbuke mara mbili zilizopita: alianza na nini? Kutolala? Kuvaa nguo mbili tatu? Kufunika kioo? Kuongea na redio? Andikeni tatu kwenye daftari, na mbele yake muandike nani atampeleka kliniki siku mbili kati ya hizo zikionekana. Msisubiri tarehe ya kwenye kadi. Andikeni pia kama alikuwa amekunywa pombe, amevuta bangi au kula mirungi. Bangi hasa inawarudisha wengi.

Panga, shoka, mchi na mafuta ya taa visikae chumba anacholala wala jikoni pasipo kufuli. Fanya hivyo akiwa mzima, kama utaratibu wa nyumba.

Usiku ukifika: watoto watoke, redio na televisheni zizimwe, mtu mmoja tu azungumze. Simama pembeni yake, si uso kwa uso, umbali wa mikono miwili, wewe karibu na mlango na yeye pia akiwa na njia ya kutoka. Mtu aliyebanwa kona hupiga. Sauti ya chini, sentensi fupi, nyamaza, subiri. Usibishane na anachokisikia, wala usikubaliane nacho. "Naona unaogopa. Mimi siwasikii hao watu, lakini najua wewe unawasikia. Niko hapa. Utakunywa maji?" Akiwa na silaha, ondoka. Nyumba itajengwa tena.

Majirani waandaliwe mapema, mchana. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa au balozi, uchague watu watatu ambao kijana anawaheshimu, na hao tu ndio waitwe. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ukipiga, anza na "ni mgonjwa wa akili, anahitaji kupelekwa hospitali", ili wasije kumkamata mhalifu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu aliye hatari kupelekwa hospitali hata asipokubali.

Kamba hatuipendi. Tunajua pia kwamba kuna usiku ambao gari liko mbali na hakuna njia nyingine. Basi tumieni kitambaa kipana kama kanga iliyokunjwa, kamwe isiwe katani wala waya: kamba nyembamba huua mishipa ya kiganja ndani ya saa chache, na tumeona mikono isiyofunguka tena. Mikono iwe mbele. Alazwe ubavu, asilazwe kifudifudi, na mtu asimkalie mgongoni wala kifuani, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyokosa pumzi na kufa mikononi mwa ndugu zao. Vidole vikibadilika rangi au kuwa baridi, legezeni. Akifika hospitali afunguliwe. Na yule atakayempiga aambiwe mbele ya wote kwamba hataitwa tena.

Ukoo unataka tumuoze

*Binti yetu wa miaka 24 ana baipola, anatumia valproeti, ametulia. Wazee wanasema akiolewa atapona. Baba na mama, Tabora.*

Ndoa haiponyi baipola. Harusi yenyewe, na kelele zake na kukesha kwake, ni kichocheo. Akitaka kuolewa ni haki yake, na mchumba ajue ukweli kabla ya mahari, kwa kinywa cha binti mwenyewe.

Lakini jambo la haraka ni dawa. Valproeti ikitumiwa na mama mjamzito, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kilema, kama mgongo wazi, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla wengi hawajajua wana mimba, kwa hiyo kusubiri "akishika mimba tutabadilisha" ni kuchelewa. Aende kliniki sasa, aombe dawa nyingine, na hadi itakapobadilishwa atumie uzazi wa mpango. Asiiache mwenyewe nyumbani, itamrusha. Akihamishiwa kabamazepini, muuguzi wa uzazi wa mpango aambiwe, kwa sababu inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya mkononi.

Nikifa atabaki na nani?

*Nina miaka 66, mjane. Kijana wangu ana miaka 38, anatumia sindano. Nafikiria kumpeleka Mirembe akae huko. Dawa pia zinanishinda bei. Mama, Kondoa.*

Pole sana, mama. Hospitali ya akili ya Mirembe ipo Dodoma tangu 1927, na inalaza wagonjwa waliochafuka, inawatuliza, inawarudisha nyumbani. Haipokei mtu aliyetulia ili akaishi. Isanga, iliyo chini yake, ni ya waliopelekwa na mahakama. Kwa hiyo mpango wako ujengwe nyumbani.

Bei kwanza: utaratibu wa msamaha wa matibabu Tanzania unawahusu wagonjwa wa magonjwa sugu wasio na uwezo, na ugonjwa wa akili umo. Chukua barua ya serikali ya kijiji, umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kwenda dirisha la malipo. Ukishalipa, ni vigumu kurudishiwa. Msamaha hausaidii dawa inapokuwa haipo. Piga simu kuuliza siku tatu kabla ya tarehe. Kama anameza na vidonge, viwili kwa siku, siku 28 ni vidonge 56. Vikibaki 14 anza kutafuta.

Kuhusu mali, usiandike nyumba kwa jina lake peke yake. Mtu aliyechafuka anaweza kusainishwa karatasi na mnunuzi asiye na huruma. Na usimnyime urithi kwa kumpa yote kaka yake "amtunze". RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wanaandika na kuhifadhi wosia. Waulize namna ya kumweka mdhamini, heri wawili, mmoja asiwe wa ukoo. Ikiwa mnafuata sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali na hauwahusu warithi, basi mshirikishe kadhi.

Tengeneza karatasi moja ya kuwekwa pamoja na kadi ya kliniki: jina la ugonjwa, dawa na dozi ya sasa, tarehe ya sindano ya mwisho, dawa zilizowahi kumdhuru, dalili zake tatu za kutangulia, chakula anachopenda, maneno yanayomtuliza, simu ya muuguzi.

Halafu chagua mrithi wa kazi yako ungali hai, awe mdogo wake au mpwa. Mwezi huu waende kliniki wote watatu, wewe ukiongea. Mwezi ujao nenda nao lakini ukae kwenye benchi nje, aingie yeye na mgonjwa. Mwezi wa tatu baki nyumbani, wapikie chakula cha mchana, na wakirudi usiulize chochote hadi wamalize kula.